Tulivyoifuata kho kho kutoka Pune mpaka Puri

Nimerudi wiki ya pili hii na ndo kwanza napata nafasi ya kukaa na kile kijidaftari changu, kurasa zingine zimeingia mafuta ya sambusa hazisomeki, zingine nimezikamilisha kwa picha za simu maanake picha huwa na saa, basi nikajua wapi tulikuwa lini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilitafuta simulizi kama hii kabla sijasafiri, nikakosa.

Kwa asiyejua, kho kho ni mchezo wa kukimbizana. Hautaki mpira wala gongo, ni uwanja mdogo tu na nguzo mbili, moja kila mwisho, na katikati mstari wa watu 8 wamechuchumaa, huyu anaangalia kulia, wa pili anaangalia kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hao ni timu inayofukuza. Wa tisa yuko mbio anafukuza. Timu nyingine wanaingia 3 kwa 3 kukimbia wasiguswe. Anayekimbia anaruhusiwa kupenya katikati ya waliochuchumaa anavyotaka, lakini anayefukuza haruhusiwi kuvuka huo mstari wala kugeuka nyuma, akishashika upande ni huo huo mpaka aifikie nguzo. Sasa afanyeje? Anamgusa mgongoni mwenzake aliyechuchumaa akiangalia upande wa pili, anasema "kho!", yule anaruka kama mshale na yeye anakaa pale pale pake. Sisi tuliokua Mombasa tukicheza kati, ule mchezo wetu wa utotoni wa kukwepa, mpaka adhana ya magharibi tunaujua moyo wa huo mchezo bila kufundishwa.

Mie nasoma Pune, jimbo la Maharashtra magharibi mwa India, mwaka wa pili. Jamaa yangu wa darasani ni mtu wa Satara, alichezea shule yao, na ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye kiwanja cha udongo karibu na hosteli ambapo watoto wanafanya mazoezi alfajiri. Sheria za mwanzo za kuandikwa zilitungwa hapa hapa Pune mwaka 1914, klabu ya Deccan Gymkhana, kwa hiyo watu wa huku wanaushika kama sisi tunavyoshika taarab. Halafu Januari 2025 likachezwa Kombe la Dunia la kwanza pale Delhi, nikaona jezi za Kenya kwenye simu, wanaume na wanawake wote wakafika robo fainali, wasichana wa Uganda wakapita mpaka nusu fainali, wallahi nilipiga kelele mpaka mlinzi wa hosteli akaja kuniuliza kuna nini. Jamaa yangu akaniambia kama umependa hivyo basi ukaone nationals, ubingwa wa taifa, hapo ndo utaona mchezo wenyewe, mwaka huu ni Puri, Odisha. Nikatazama ramani. Puri iko pwani ya pili kabisa ya India.

Jumamosi, Machi 29. Pune

Tulikuwa tumechelewa kukata tiketi. Treni ni Konark Express, inatoka Mumbai inapita Pune jioni inaelekea Bhubaneswar, tukapata waiting list, ikapanda pandaaa mpaka siku ya safari ikawa RAC. Maana ya RAC ni kwamba una haki ya kupanda na una nusu ya kiti cha pembeni, unakaa na mwenzako mmetazamana magoti kwa magoti, kitanda mtapata kama mtu hakutokea. Slipa, yaani behewa la vitanda lisilo na AC, tulilipa rupia 700 na kitu kila mmoja, piga mara moja na nusu ndo upate shilingi za Kenya, kama 1,100 hivi. Kwa safari ya usiku mbili na kilomita zaidi ya 1,700!

Nilifuturu kwenye plathfomu. Ilikuwa Ramadhani inaishia, tende 3, maji na vada pav 2 za rupia 20 kila moja, ile ya kiazi ndani ya mkate, watu wa Mombasa fikirieni viazi karai vimeingia kwenye bofulo na pilipili ya unga wa kitunguu saumu. Treni ikaja imechelewa dakika 50.

Kitu kimoja cha lugha ambacho kinanifurahisha kila siku huku: kwa Kimarathi "dada" ni kaka mkubwa. Kwa hiyo muuza chai anapita kwenye behewa ananiita dada, mie na ndevu zangu namjibu dada. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashtuka.

Kwa wanaokuja: tiketi zafunguliwa siku 60 kabla, kata mapema. Ukichelewa kuna tatkal, ile ya dharura, inafunguliwa siku moja kabla, saa 4 asubuhi kwa mabehewa ya AC na saa 5 kwa slipa, na inaisha ndani ya dakika chache, uwe umeshaingia kwenye akaunti na jina la msafiri umeshaliandika. Beba mnyororo na kufuli ya begi.

Jumapili, Machi 30. Ndani ya treni siku nzima

Usiku nililala nimekaa mpaka baada ya Solapur, mkaguzi wa tiketi akapita, mtu mzima mwenye koti jeusi, akatuangalia tulivyojikunja akaguna. Hakusema kitu. Baada ya nusu saa akarudi akaniambia kitanda namba fulani juu hakina mtu, nenda. Mwenzangu akabaki na kile cha pembeni akakilaza. Hatukuombwa hata rupia.

Asubuhi Secunderabad, watu wakashuka wakapanda wengine, lugha ikabadilika kutoka Kimarathi na Kihindi ikawa Kitelugu tupu. Mchana mzima ni mashamba ya mpunga, joto, na feni za juu zinazopuliza hewa ya moto.

Vijayawada tulifika saa 8 na nusu, masaa mawili nyuma ya ratiba. Jamaa yangu akaniamsha akanivuta mlangoni, nikadhani kuna shida. Akaniambia hapa ndo ubingwa wa taifa wa kwanza ulichezwa, 1959-60. Alikuwa anaangalia ile plathfomu kama mtu anayeangalia nyumba ya babu yake. Treni ilisimama kama dakika 15, hakuna chochote cha kuona zaidi ya wauza maji na mbwa amelala, lakini tulisimama pale mlangoni wote wawili mpaka ikaondoka.

Kwa ule uchelewaji tukajikuta tunavuka mto Godavari pale Rajahmundry jua linazama. Daraja refu hilo, treni inapunguza mwendo, chuma kinaunguruma, na watu wakaanza kurusha sarafu mtoni kupitia madirishani, ni ada yao kuuheshimu mto. Mie nilikuwa nimeshika tende mkononi nasubiri dakika. Mama mmoja wa Kitelugu aliyekaa mbele yangu, ambaye mchana kutwa alikuwa ananikaribisha chakula nakataa mpaka nikaona vibaya, jamaa yangu alikuwa ameshamweleza kwamba nimefunga, basi huyo mama akawa anaangalia saa yake na dirisha, saa na dirisha. Jua lilivyotoweka akaniambia "khao, beta", kula mwanangu, akafungua kontena la wali wa ukwaju wenye njugu na majani ya mchuzi. Akagawa na ndizi. Tulikula watu 6 kwenye lile kontena.

Saa 2 usiku simu zikaanza kulia, mwezi umeonekana. Idd kesho. Nikapigia mama Mombasa mtandao ukakatika mara nne, mara ya tano nikamsikia anasema "umekula?" ukakatika tena.

Jumatatu, Machi 31. Idd, Khurda Road, Puri

Nilipanga kushuka gizani lakini kucheleweshwa huku kukatupa zawadi, tuliamka alfajiri treni inapita ubavuni mwa ziwa Chilika, maji mpaka upeo wa macho, madau yamesimama, ndege weupe. Nilijisikia niko Tudor creek ya Mombasa asubuhi, ila mara mia.

Puri haiko kwenye reli kuu. Unashuka Khurda Road, mji wenyewe unaitwa Jatni, halafu unachukua treni ndogo ya abiria mpaka Puri, kama kilomita 44, nauli hata rupia 20 haifiki. Tulishuka saa 1 asubuhi. Nikanawa uso, nikavaa kanzu iliyojikunja ndani ya begi usiku mbili, nikaenda kwa muuza chai kuuliza msikiti. Huyo mzee, mwenye alama ya chandan, liwa wanayopaka Wahindu, kwenye paji la uso, hakunielekeza. Alimwita mpwa wake ashike birika, akatoa skuta yake, akanipakia. Jamaa yangu akabaki na mabegi. Njiani mzee ananiuliza maswali kwa Kihindi chenye lafudhi ya Kiodia, nimetoka wapi, Kenya iko wapi, kule kuna Idd pia? Akanishusha mlangoni akaniambia nitakuja baada ya saa moja.

Nilisali safu ya mwisho nje kwenye mkeka wa watu. Baada ya sala watu walinikumbatia mpaka nikapoteza hesabu. Familia moja wakanivuta nyumbani kwao, na nilivyosema mwenzangu si Mwislamu na yuko stesheni wakatuma kijana akamlete na mabegi yote. Wakatuletea sevai. Jamani, ni tambi! Tambi zile zile za Idd, ila wao wanazipika kwa maziwa ya ng'ombe badala ya tui, na iliki na zabibu na lozi. Nilikula bakuli tatu. Hapo ndo nilijua nimekumbuka nyumbani kiasi gani. Mzee wa chai alikuja kweli, naye akapewa bakuli, akala amesimama kwa sababu ya birika lake.

Puri tukafika saa 6 mchana, na hapo ndo siku ikaingia doa. Loji tuliyoizungumza kwa simu, mtu wa mapokezi aliona pasipoti yangu akasema hapokei wageni wa nje. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hata mlango hakufungua vizuri. Nilikasirika sana, sitaficha, nimevaa kanzu ya Idd nina mabegi mawili jua la Puri linachoma kichwani. Dereva wa toto, ile tuktuk ya betri, ndiye aliyetueleza kwamba kumpokea mgeni kunataka loji ijaze fomu ya taarifa za mgeni, wakati ule ikiitwa Fomu C, na kuituma kwa serikali, na loji ndogo nyingi hazina huo usajili au hazitaki kazi hiyo. Akatuzungusha karibu saa nzima, anashuka yeye mwenyewe anauliza, mpaka tukapata geshti moja nyuma ya barabara ya baharini, chumba rupia 700, feni, bafu safi, mama mwenye nyumba akajaza fomu bila kulalamika. Dereva tulimpa 150 akachukua 50. Akasema leo ni sikukuu yako.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosoma India: kabla ya kulipa chochote piga simu uliza neno moja tu, "Fomu ya wageni mnajaza?" Beba pasipoti yenyewe, kopi ya viza, na karatasi ya usajili wa makazi kama wewe ni mwanafunzi. Usitegemee picha kwenye simu.

Jioni tukaenda uwanjani. Hatukulipa kiingilio. Timu za majimbo zote zinapita na mabegi na vibao vyao, Kerala, Karnataka, Delhi, Maharashtra, Odisha wenyewe wakishangiliwa na kila mwenye mdomo, na mbali na majimbo kuna timu za mashirika pia, Reli na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ambazo zinaajiri wachezaji wazuri na kuwapa kazi ya kudumu. Hii ya kazi niliielewa pole pole. Mtoto wa mkulima anayechuchumaa vizuri anaweza kupata ajira ya serikali kwa mbio zake, ndo maana wazazi wanakuja na vyombo vya chakula wanakaa siku nzima.

Jumanne, Aprili 1

Ni siku ya Odisha, jimbo lilianzishwa Aprili 1, 1936, mji mzima una bendera na spika. Asubuhi tulikunywa chai na kula puri, ile chapati ndogo inayovimba kwenye mafuta, na mchuzi wa kiazi kwa rupia 40.

Mechi zinapangwa kukwepa jua la mchana. Niliangalia nyingi mpaka zikachanganyika, na siku hiyo nilikosea kama anavyokosea kila mgeni, macho yangu yalikuwa kwa anayekimbia tu. Anapenya penya kwenye ule mstari kama uzi kwenye sindano, wenyewe wanaita chain, akichoka anazunguka kwa duara, akikaribia nguzo uwanja mzima unanyamaza kwa sababu nguzoni ndipo anayefukuza anapata ruhusa ya kugeuka, na hapo hapo ndo anaruka mzima mzima mkono mmoja umeshika nguzo mwingine umenyooshwa, kifua kinatua chini puu, na vidole vimegusa kisigino. Au vimekosa kwa upana wa ukucha. Picha zangu za siku hiyo zote ni za watu hewani.

Mchana tulikula pakhala, wali uliolowekwa kwenye maji usiku kucha ukachacha kidogo, unaliwa baridi na maboga ya kukaanga, samaki mkavu na pilipili mbichi. Kwa joto lile ni dawa. Rupia 80.

Jumatano, Aprili 2

Hii ndo siku niliyoisafiria, ingawa sikujua.

Nilikaa karibu na mzee mmoja mwembamba, shati jeupe, mwalimu mstaafu wa michezo, alifundisha shule za vijijini miaka mingi. Alikuwa ameniona jana, akaniuliza, unaangalia nini? Nikamwambia namwangalia yule anayekimbia, ni hatari sana. Akasema hapana. Akanishika kidevu, hivi, kama mtoto, akanigeuza uso kwenye mstari. "Waangalie waliokaa."

Ilikuwa mechi ya wanawake. Akanionyesha msichana wa mraba wa 5. Angalia miguu, mzee akasema, usiangalie uso. Kisigino kimoja kimenyanyuka, uzito wote uko kwenye vidole, mikono miwili imegusa chini. Alikaa hivyo zaidi ya dakika mbili na hakuitwa. Wenzake wa 3 na 6 na 7 wanapewa kho wanaruka wanarudi, yeye bado. Kichwa chake kinafuata mchezo bila bega kusogea hata kidogo. Mzee akanieleza kwa nini bega: anayekimbia anapokuja anasoma mabega ya waliokaa, bega likijisahau tu anajua kho inaenda kwa nani na anapita upande mwingine. Na ukiinuka kabla hujaguswa, kabla neno kho halijatoka, ni faulo, filimbi inalia, anayefukuza anageuzwa aende kinyume na alikokuwa anaelekea, na yule mkimbiaji aliyekuwa amekwisha pumzi anapata pumzi mpya bure. Sekunde 3 hizo, mzee akasema, ni kama kumpa mtu maji jangwani.

Basi yule msichana wa 5 akakaa. Mkimbiaji aliyebaki alikuwa wa mwisho kwenye kundi lake la watatu, mjanja sana, amewachosha watu 4 kwa chain. Akapita nyuma ya 5 mara ya kwanza. Ya pili. Nilianza kumsahau yule msichana, nikarudi kwa mkimbiaji, mzee akanigonga goti. Mara ya tatu anayefukuza akaja kama anaelekea 7, nilikuwa tayari namtazama 7, mkimbiaji naye nadhani alikuwa anamtazama 7, mkono ukashuka mgongoni mwa 5. Kho. Sikuona anainuka. Niliona ameshafika. Hatua mbili na mkono mmoja, kwisha. Watu wakalipuka, yeye akageuka kumpa kho mwenzake wa pembeni kwa sababu kundi jipya lilikuwa linaingia, kisha akachuchumaa tena pale alipoachiwa nafasi. Hakushangilia hata kwa sekunde moja.

Mzee alikuwa analia. Siongezi chumvi, alitoa leso akafuta macho, akaniambia nimefundisha hilo tu miaka yote, kukaa. Watoto wote wanajua kukimbia, mwanangu, hakuna mtoto asiyejua kukimbia.

Kuanzia hapo sikupiga picha. Nilikaa naye mpaka usiku. Akanieleza kwamba zamu ya kawaida ya kufukuza ni dakika 9, na mtu akiweza kukimbia peke yake dakika 3 bila kuguswa dhidi ya timu nzima jina lake linatajwa kijijini kwao mwaka mzima. Mwisho wa mashindano ya wakubwa mchezaji bora wa kiume anapewa tuzo ya Eklavya na wa kike tuzo ya Rani Laxmibai. Akaniuliza kama kwetu wanacheza. Nikamweleza kuhusu kati, na kombolela za Watanzania, na kwamba timu zetu zilikuja Delhi Januari. Akasema alizitazama! Akasema Wakenya wana mapafu, wanachohitaji ni mtu wa kuwafundisha kuchuchumaa.

Hekaluni sikuingia, hekalu la Jagannath haliingiliwi na asiye Mhindu na kuna kibao wazi mlangoni, sikuona vibaya, hata misikiti ina adabu zake. Jamaa yangu aliingia asubuhi hiyo peke yake nikamsubiri kwenye barabara kubwa iliyo mbele, pana kama uwanja wa ndege, ile ambayo magari makubwa ya mbao huvutwa kwa kamba wakati wa sherehe ya Rath Yatra. Nikanunua khaja, vitobosha vikavu vya matabaka matabaka vya sukari, kilo moja ya kupeleka hosteli. Tuliishia ufukweni. Bahari ya Puri ina hasira, mawimbi yanavunjika karibu kabisa na miguu, kuna wavuvi wenye kofia zilizochongoka juu wanaokushika mkono ukitaka kuoga. Waogeleaji wa Nyali, msijiamini pale.

Alhamisi, Aprili 3

Nilikuwa na presentesheni Jumamosi mchana ambayo mhadhiri hakukubali kuisogeza, na fainali ni Ijumaa. Nimeumia, nakiri, ukisafiri kilomita 1,700 halafu uondoke siku moja kabla. Jamaa yangu akabaki, yeye ana ndugu Bhubaneswar. Nilimkuta mzee kwenye lango asubuhi nikamuaga, akanipa pakiti ya chhena poda imefungwa kwenye jani, ile keki yao ya jibini iliyoungua juu, akasema ule leo leo, haikai.

Treni ndogo mpaka Khurda Road, nikapita kwa muuza chai, akakataa pesa ya chai, nikamwachia nusu ya khaja akaikubali. Konark ya kurudi ikaja alasiri, safari hii nina kitanda changu kamili.

Gharama kwa anayetaka kujipanga: treni kwenda na kurudi 1,440, chumba nusu yangu usiku 3 ni 1,050, chakula siku zote kama 1,300, toto na treni ndogo 450, khaja na zawadi 300. Jumla rupia 4,600 hazifiki, yaani shilingi 7,000 za Kenya hivi. Maji ya chupa kwenye treni yalikuwa rupia 15 safari hiyo ya 2025, akikutajia zaidi ya iliyoandikwa mwambie akuonyeshe bei kwenye chupa.

Ijumaa, Aprili 4. Treni

Vijayawada usingizini. Joto, mpunga, Secunderabad, wali wa mayai.

Usiku karibu na Solapur simu ikapata mtandao, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa jamaa yangu. Nikaubonyeza bila kuvaa vifaa vya masikioni na behewa zima likasikia: kwanza ni kelele tu, filimbi, ngoma, halafu sauti yake imepasuka kabisa, anasema kwa Kimarathi, tumechukua zote mbili, wanaume na wanawake, Maharashtra zote mbili! Halafu analia na kucheka pamoja na mtu mwingine anasikika nyuma, sina hakika, lakini nadhani ni yule mzee.

Mama mmoja aliyekuwa amelala kitanda cha chini akaamka akakaa. Akaniuliza, kho kho? Nikamwambia ndiyo, ubingwa wa taifa. Akasema binti yangu anacheza, yuko darasa la 8, weka tena, dada. Nikaweka tena. Akaomba mara ya tatu, safari hii akashika simu yake karibu na yangu akairekodi ampelekee binti yake, na alivyoshuka Solapur bado alikuwa ameiweka sikioni.

Pune tuliingia saa 7 kasoro usiku. Rikshaw mpaka hosteli 180, mlinzi akanifungulia geti, nikampa khaja.

Picha za mechi nitaziweka zikishapungua ukubwa. Za Jumatano hakuna.